Mti Dume wa Observatory

Sajenti Mthimkhulu aliuweka mfuko wa plastiki juu ya boneti ya gari lake, kisha akarudi nyuma, mikono mifukoni.

"Tazama kwa macho," alisema. "Usifungue."

Mwadini aliinama. Ndani ya mfuko mlikuwa na mbegu za kahawia, konzi moja hivi, kila mbegu na ubawa mwembamba kama wa panzi. Nyingi zilikuwa zimeshikana mbili mbili kwenye vikonyo vyake.

"Zimetoka kwenye suruali ya marehemu. Alikuwa ameikunja miguu yote miwili, na mikunjo ilijaa mbegu. Na mti wenyewe ni huu hapa."

Mti ulisimama katikati ya uwanja wa nyumba ya Yasini, juu kwenye mteremko wa mtaa wa Observatory. Watu wa mji huu huuita boksi-elda. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti, upepo ulikuwa ukivuruga vumbi la mwisho wa baridi, na matawi hayakuwa yametoa jani hata moja. Chini yake palikuwa na gogo la kupasulia kuni, lenye madoa mekundu upande wa juu.

Yasini na Ameir, wote watu wa Tanga, walikuwa wakikata miti kwenye nyumba za watu. Walikuwa na pikapu moja na msumeno mmoja wa mashine. Alhamisi jioni Ameir alikutwa amekufa kando ya mfereji wa mto Jukskei, chini ya Bertrams, kichwa kimepasuliwa kwa kitu kizito. Ijumaa jioni polisi walimchukua Yasini. Jumatatu angepandishwa kizimbani kwa mauaji. Mkewe, Shufaa, alikwenda moja kwa moja Fordsburg, akapanda ngazi hadi juu ya duka la vitambaa ambako Mwadini alikuwa na ofisi yake ndogo ya upelelezi, akasema maneno machache tu: "Kaka Mwadini, mume wangu hajaua mtu. Nisaidie kabla ya Jumatatu."

Sasa Shufaa alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jiko, ushungi ameubana chini ya kidevu. Sajenti alizungumza Kiingereza, na Mwadini akamfasiria.

"Mwulize," alisema Shufaa, "nani aliyewaambia kwamba waligombana?"

"Shahidi anayewajua wote wawili," Sajenti alijibu. "Siwezi kumtaja. Tulimwonyesha mbegu hizi jana, akatuleta mpaka kwenye huu mti. Tukakuta gogo lina damu."

"Maabara imesema ni damu?" aliuliza Mwadini.

"Eish, Mwadini. Maabara ina foleni kuliko kliniki."

"Na suruali? Unadhani aliikunja kwa nini?"

"Avuke maji."

"Aliikunja mpaka wapi?"

Sajenti alionyesha kwa kiganja, juu kidogo ya kifundo cha mguu.

"Anayevuka maji hukunja mpaka magotini," alisema Mwadini. "Huko ni kukunja kwa mtu anayekwenda kuswali. Yasini ameniambia Ameir hakuwa akikunja suruali wakati mwingine wowote. Aliswali mahali penye mbegu hizi, akakaa chini, mikunjo ikazoa. Na aliuawa kabla ya kuikunjua."

Sajenti aliangalia chini ya mti. "Basi aliswali hapa."

"Alitoka hapa baada ya chakula cha mchana," Shufaa alisema alipofasiriwa. "Alisema anakwenda kuangalia jambo. Mswala wake kwapani kama kawaida yake. Hakurudi." Kisha akauliza, "Na mswala wenyewe uko wapi?"

"Mswala gani?" Sajenti alifungua simu yake, akasoma vitu vilivyokutwa. "Simu. Funguo. Kofia. Hakuna mswala."

"Wa kijani. Kona moja imeungua. Mimi ndiye niliyeuunguza siku ya Idi, kaa liliruka kutoka kwenye chetezo. Nikataka kumnunulia mwingine, akakataa. Akasema, 'Shemeji, huu sasa nautambua hata gizani.'" Akaingia ndani, wakasikia sufuria ikisogezwa.

Aliporudi alikuwa ameshika sahani ya pilau. "Kuleni. Othmani wa msikitini aliileta jana usiku. Alisoma dua hapa, akatangaza mchango wa wakili. Watu wengine wametukimbia, yeye hajatukimbia."

Mwadini alikula vijiko viwili kwa heshima ya nyumba.

Lango lililia. Mwanamke mrefu mwenye koti la mvua na kofia ya sufu aliingia, akiwapungia mkono kana kwamba amefika sherehe. Alikuwa Daktari Bosibori, Mkenya kutoka Kisii, mwalimu wa elimu ya mimea kwenye chuo kikuu kimoja cha mjini. Mwadini ndiye aliyemwita.

"Pole kwa kuchelewa, nimetoka kwa maombi ya wamama," alisema. "Haya, Bwana Mwadini, mgonjwa ni nani? Na tafadhali usinizungushe. Nyinyi watu wa Tanga, mtu akiuliza saa mnaanza na salamu za ukoo."

"Mgonjwa ni gogo, Daktari. Ukoo wako tutausalimia baadaye."

Bosibori alicheka, akapiga magoti. Alilisugua doa kwa kidole gumba, akakinusa kidole. Kisha akageukia rundo la kuni zilizolazwa kando ya ukuta.

"Hizi zimetoka kwa mti wa aina hii?"

"Ndiyo," alisema Shufaa. "Yasini aliukata mmoja nyumba ya chini, mwezi uliopita."

"Sajenti, chagua gogo. Lolote. Mimi nisiguse."

Sajenti alichagua moja la katikati, lenye gome zima pande zote. Bosibori alimpa Mwadini shoka. Pigo la kwanza lilikwama. La pili lilipasua.

Ndani ya mti mweupe mlikuwa na mchirizi mwekundu, mbichi, wenye ncha kama ndimi za moto.

Shufaa alishika mdomo.

"Boksi-elda ukijeruhiwa hufanya hivi," alisema Bosibori. "Ukungu ukiingia, au mdudu, mti unajikinga, na rangi inatokea. Si damu ya mtu. Hakuna mtu anayeweza kuvujia damu ndani ya gogo lenye gome zima."

Sajenti alilichukua pande moja, akaligeuzageuza. Alikuwa mtu wa haki, na Mwadini alimheshimu kwa hilo. "Sawa. Gogo naliondoa. Mbegu zinabaki."

"Mbegu nazo zinaondoka," alisema Bosibori. Alikuwa ameinua uso, anatazama matawi. "Mwadini, vuta lile tawi la chini."

Mwadini alilivuta. Ncha zake zilikuwa zimeanza kutoa nyuzi nyembamba za rangi ya waridi, zikining'inia kama nywele.

"Hayo ni maua," alisema Bosibori. "Maua ya kiume. Mti huu una dume na jike, kila mmoja na mwili wake. Jike ndiye anayezaa mbegu, na huzishikilia mpaka baridi iishe, vishada vizima, upepo ukizidondosha kidogo kidogo. Huyu ni dume. Hajawahi kuzaa mbegu, na hatazaa."

"Kama mpapai dume," alisema Mwadini taratibu. "Maua yananing'inia, papai hakuna."

"Kama mpapai dume."

Sajenti alizunguka shina. Alipekua kwa kiatu chini, penye majani makavu na mchanga. Alizunguka tena. Hakuokota kitu.

"Upepo," alisema mwishowe. "Agosti hii upepo unabeba hata mabati."

"Upepo unabeba mbegu moja, mbili," alijibu Bosibori. "Haubebi konzi na vikonyo vyake na kuzipanga kwenye mikunjo ya suruali."

"Shahidi wako," Mwadini alimwambia Sajenti, "aliujua mti kwa jina. Alikutafutia mwingine wa jina hilohilo. Hakujua kuna dume na jike."

Sajenti aliuchukua mfuko kwenye boneti. "Nitafutie mti jike, Mwadini. Mahali ambapo mtu huyu aliswali. Ukinipatia, mimi mwenyewe nitakwenda kwa mwendesha mashtaka. Usipoupata, Jumatatu ni Jumatatu."

Mwadini na Bosibori waliacha gari la Bosibori karibu na mahali mwili ulipokutwa. Mfereji wa Jukskei ulikuwa na maji ya kuloanisha soli tu, yakipita kati ya kuta za mawe, mifuko na godoro lililochanika.

"Mji huu una miti mingi sana ya boksi-elda?" aliuliza Mwadini.

"Ilikuwa mingi. Kwao ni Amerika, kuanzia Kanada kushuka mpaka milima ya Guatemala. Lakini popote uendako huko, utaukuta kando ya mto. Unapenda miguu iwe na maji. Wazungu waliuleta hapa kwa sababu unakua upesi na kutoa kivuli. Sasa ameingia mdudu kutoka Asia, mdogo kuliko punje ya ufuta. Anatoboa shina na kupanda ukungu ndani, ndio chakula chake. Miti mingi anaijaribu. Huu ndio anaoumaliza kwanza." Alisimama. "Na watu wanamsaidia. Mtu anakata mti mgonjwa, anauza kuni za braai, za kuchomea nyama, kesho mdudu yuko mtaa mwingine. Mti mgonjwa usagwe palepale, ama uchomwe palepale. Tunasema kila siku."

"Ameir alikuwa akisema hivyohivyo. Yasini aliniambia nilipomtembelea mahabusu asubuhi. Alikuwa hakubali kubeba kuni zenye matundu."

"Basi alikuwa mtu mzuri."

Mwadini aliangalia kuta za mfereji. Kwenye nyufa zilikuwa zimeota fito nyembamba, zisizo na majani, lakini ganda lake lilikuwa la kijani kibichi. "Hii ni miti gani?"

Bosibori aliinama, na tabasamu likamjia. "Watoto wake. Fito za kijani wakati wa baridi, macho ya machipukizi mawili mawili yakitazamana. Boksi-elda."

"Wameletwa na maji."

"Na maji hayapandi mlima."

Walianza kutembea kuelekea juu, kule maji yanakotoka.

Fito ziliendelea, hapa tatu, pale kichaka kizima. Nyuma ya duka la dobi walikuta mti mkubwa umesimama, na Mwadini akaharakisha. Alipofika aliona gome limebanduka na shina lote limejaa matundu, kana kwamba limepigwa risasi za changarawe. Hakukuwa na kishada hata kimoja.

"Jike labda, lakini umekufa zamani," alisema Bosibori. "Tazama kuvu hizi. Hata mwaka jana haukuzaa."

Mwadini alitazama mfereji juu ya mti ule. Fito za kijani bado zilikuwepo, tena changa, za mwaka huu. "Hawa wana mama mwingine. Twende."

Walikwenda. Mfereji ulipinda kuingia Bertrams, paa la uwanja wa Ellis Park likaonekana mbali. Fito zilizidi wingi mpaka zikafika chini ya ukuta mmoja wa matofali. Baada ya ukuta ule hapakuwa na fito. Mwadini alitembea mbele kipande kirefu, akakagua kila ufa, akarudi.

"Zinakomea hapa," alisema.

Nyuma ya ukuta kulikuwa na moshi mwembamba. Juu ya lango palikuwa na ubao: KUNI NA MKAA. Mwadini aliujua ubao huo. Mwenye yadi alikuwa akiswali naye Ijumaa msikitini Fordsburg.

"Yadi ya Othmani," alisema.

"Yule wa pilau?"

"Yule wa pilau. Daktari, kaa hapa nje. Shika simu mkononi."

"Unaingia kumwuliza nini?"

"Kwanza, kama ana mti."

Mfanyakazi aliyefungua lango alikuwa Mkongo wa makamo, Alexis, aliyevaa ovaroli na tai iliyofifia. "Karibu, papa. Unatafuta kuni ao makala?"

"Namtafuta bosi wako."

"Patron! Kuko mutu!"

Othmani alitoka ofisini na chupa ya kahawa mkononi. Ndevu zake zilikuwa na hina, na kicheko chake kilijaa yadi. "Mwadini! Umeadimika kama mvua ya Agosti. Karibu, sheikh, karibu. Kahawa ya tangawizi, ya kwetu hasa."

Walikaa juu ya magogo. Mwadini alikunywa na kutazama. Uwanja ulikuwa umefagiwa vizuri mno kwa yadi ya kuni. Kwenye kona ya mfereji lilikuwa limepangwa rundo refu la fito za mkaratusi, na chini ya rundo palichungulia unga wa mbao. Ulikuwa mbichi, na haukuwa wa rangi ya mkaratusi. Ulikuwa mweupe wenye wekundu.

"Shufaa amesema umewaletea chakula."

"Ni wajibu. Yasini ni ndugu yangu. Lakini haki ni haki, polisi waliponiuliza niliwaambia ukweli. Waligombana wale, nilisikia kwa masikio yangu."

"Na ukawaonyesha mti."

Othmani alikoroga kahawa isiyohitaji kukorogwa. "Waliniuliza mti wenye mbegu kama zile uko wapi. Nikasema Yasini anao uani."

"Wewe huna?"

"Mimi? Hapa?" Alicheka. "Hapa ni kuni tu, sheikh. Miti yangu yote imelala."

"Pale kwenye rundo palikuwa na nini?"

"Mkaratusi mmoja uliooza. Tuliukata mwaka jana."

Mwadini aliweka kikombe chini. Angeweza kusema juu ya unga wa mbao, lakini rundo lingehamishwa na unga ungechomwa kabla Sajenti hajapata kibali. Alitaka kitu ambacho hakuna ufagio ungekifuta. Simu yake ikaadhini. Alasiri ilikuwa imeingia, na yeye alikuwa ametembea tangu adhuhuri. Hakuwa amekuja kuitumia swala kama chambo, na hilo alimwapia Mungu wake. Alihitaji tu kuswali.

"Niazime mswala, Othmani."

"Si uende msikitini, una gari?"

"Gari si langu, na wakati unakwenda."

Othmani alimtazama, kisha akatazama kona ya rundo. Lakini mtu wa pwani hawezi kumnyima Mwislamu mwenzake mahali pa kusujudia, hata akitaka. "Alexis! Mletee sheikh mswala. Utaswalia ofisini, huku nje kuna vumbi."

Alexis alikwenda haraka, akarudi na mswala uliokunjwa mara nne, ameubeba kwa mikono miwili.

"Huu ndio mzuri," alisema. "Niliweka nyuma ya mlango, juu."

Mwadini aliufungua.

Mbegu zilimwagika. Zilitoka kwenye kila mkunjo, za kahawia, mbili mbili, zikazunguka hewani kama panga boi ndogo na kutua kwenye udongo uliofagiwa. Mswala ulikuwa wa kijani. Kona moja ilikuwa na tundu jeusi la kaa.

Upepo ulichukua mbegu chache ukazipeleka kwenye kiatu cha Othmani.

"Alexis," Mwadini aliuliza, "mswala huu uliutoa wapi?"

"Ijumaa asubuhi, papa. Ulikuwa chini ya muti, pale. Patron alisema tukate muti mbio mbio, tuchome matawi yote. Nikasema kitu ya Mungu hatuwezi acha chini, watu watakanyaga. Nikakunja, nikaweka. Nilizani ni ya patron." Alimtazama Othmani, kisha mbegu. "Si ni yako, patron?"

Othmani aliinuka kutoka kwenye gogo lake.

Mwadini aliinua sauti kuelekea ukutani. "Daktari! Mwambie Sajenti aje. Mwambie mti jike uko hapa, na mswala upo."

"Napiga sasa hivi!" Bosibori alijibu kutoka ng'ambo.

Othmani alikaa tena taratibu juu ya gogo. Kicheko chote kilikuwa kimemtoka. "Alisema ataniripoti," alisema. "Aliona matundu kwenye kuni zangu. Nilimwambia, Ameir, hivi ndivyo ninavyoishi, wataifunga yadi. Akasema ataswali kwanza, kisha atakwenda kusema. Mdudu, Mwadini! Kwa ajili ya mdudu!"

"Ulimpiga akiwa anaswali?"

"Alikuwa ametoa salamu. Alikuwa bado amekaa." Alifunika uso. "Nilikuwa na gogo mkononi. Wallahi sikukusudia afe. Kisha nikampakia kwenye gari la kuni, nikamtupa kule chini."

"Na Yasini? Naye hukukusudia?"

"Nilikuwa nachangisha fedha za wakili wake."

"Ulimwonyesha Sajenti mti wake kwa kidole chako."

Alexis alikwenda langoni, akasimama katikati yake, mgongo kwa barabara. Hakuna aliyemwagiza.

Sajenti Mthimkhulu alifika na askari wawili kabla kahawa haijapoa. Waliondoa fito za mkaratusi moja moja. Chini yake kulikuwa na kisiki kipana, kimekatwa jana tu, na katikati yake wekundu ulikuwa umetanda. Bosibori alionyesha ulipo wekundu wa mti. Kisha akaonyesha doa jingine, la hudhurungi, nje kwenye gome, upande ulioelekea mahali Alexis alipookota mswala.

"Hilo silijui mimi," alisema kwa upole. "Hilo pelekeni maabara."

Sajenti alikusanya mbegu, akauweka mswala ndani ya mfuko wake, akaufunga. Alimtazama Mwadini. "Jumatatu Yasini hatapanda kizimbani. Nakwenda kwa mwendesha mashtaka sasa, hata kama yuko kwenye braai ya mkwewe."

Othmani alipokwisha kutolewa, Mwadini alitandika koti lake juu ya udongo, kando ya kisiki. Alikunja suruali, vidole viwili juu ya kifundo. Aliswali bila haraka, na baada ya salamu alibaki amekaa, mahali palepale Ameir alipokuwa amekaa, akamwombea.

Kisha akampigia Shufaa.

"Shemeji. Mswala wa Ameir umeonekana."

Nyuma ya Shufaa, jikoni kule Observatory, maji yalikuwa yakichemka.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa aliyewaletea pilau."

Mwadini alisikia hatua zake, kisha mlango wa nyuma ukifunguliwa, kisha sahani ikikwanguliwa kwa kijiko, kwa nguvu, mpaka ikawa tupu.

"Yasini anapenda wali wa nazi," alisema Shufaa. "Naanza kukuna."